Siku Jezi Zitakaponata

Neema na Kevo, nyinyi ndio mmeachiwa funguo za chumba cha kufulia, kwa hiyo haya ni yenu. Meneja kaniambia niandike maelezo ya kazi kabla sijaondoka. Mie nimesoma mpaka darasa la saba, Tanga, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ni ya kumuomba mjomba baiskeli, na hakunipa. Mtavumilia. Kama mnachotaka ni kujua mashine ya tatu inawashwaje, ni hivi: kitufe unakipiga na kiganja mara mbili, halafu unaitukana mara moja. Ukitukana kabla ya kupiga haiwaki. Hayo ndiyo maelezo ya kazi. Yanayofuata ni ya msimu wa kwanza, ambao nyinyi hamkuwepo, na mie nautamani mpaka leo kama mjamzito anavyotamani udongo.

Ndiyo, nimestaafu. Nina miaka thelathini na miwili. Babu yangu aliacha kazi ya mkonge na miaka sabini, na ninavyomjua, huko kaburini ananicheka. Lakini bega langu la kulia limegoma. Daktari alitazama picha akasema hili ni bega la bibi wa miaka themanini. Nikamwambia basi amrudishie huyo bibi, na yeye anirudishie langu. Hakucheka. Alinipa karatasi ya mazoezi.

Nilianza kabla timu haijacheza hata mechi moja. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mie ndiyo kwanza nina mwaka Campbelltown, kwa dada yangu. Ligi ilikuwa na timu za zamani, nyingine zina miaka zaidi ya mia, na wakubwa wakaamua kuongeza mpya huku magharibi ya Sydney, ambako watu wengi walikuwa hawaujui mchezo wenyewe. Mie nilikuwa mmoja wao. Siku ya usaili niliulizwa, "Unaijua futiboli?" Nikasema naijua sana, mie ni shabiki tangu mtoto. Halafu nikaonyeshwa futiboli yao Waaustralia: mpira una umbo la embe dodo, nguzo nne badala ya mbili, na wanaume kwenye jezi zisizo na mikono wanarukiana mabegani. Nikasema moyoni, Mwanaidi, hapa umeongopa pakubwa.

Aliyeniajiri ni Mzee Kol. Picha yake mnaiona hapo juu ya rafu ya sabuni. Alikuwa ametunza jezi na viatu vya timu moja ya zamani kule kusini kwa miaka arobaini, akapumzika, akahamia Macquarie Fields kuwa karibu na wajukuu. Timu mpya ilipoanza wakamfuata: njoo utufundishe watu. Kifua chake kilikuwa kibovu tayari, na mke wake, Mama Bevu, alimruhusu msimu mmoja tu. Mmoja. Alimwapisha mezani.

Kol alinishika jina siku ya kwanza akalikata. Waaustralia hawana subira na jina refu. "Mwanaidi" ikawa "Idi".

"Kwetu Idi ni mwanamume," nikamwambia. "Tena ni sikukuu."

"Afadhali," akasema. "Sikukuu hapa tunazihitaji."

Wa tatu alikuwa Mama Esperansi, Mkongo wa Bukavu, mkunjaji wa nguo. Mnamjua. Huyo hata umkute na homa, pindo lake la taulo limenyooka kama rula. Siku ile alinitazama kutoka juu mpaka chini akaniuliza, "Weye, dada, unajua kufua ao unajua kuongea tu?"

"Vyote viwili."

"Bon. Tutaona kile kitaisha mbele."

Kol alinifundisha kwa mkono wala si kwa mdomo. Damu ni maji baridi, siku zote, ukitia ya moto umeipika na itakaa milele. Alama ya majani ni siki na brashi laini, unasugua kwa kuzunguka. Jezi zinageuzwa ndani nje. Haziingii kwenye draya, ile mashine ya kukaushia, kwa sababu namba zinavimba, na mchezaji mwenye namba iliyovimba analia kuliko mtoto. Na ile dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa, inaziba kitambaa, jasho halitoki. Siku moja alinikuta nimeitia kidogo ili zinukie. Hakugomba. Aliivaa ile jezi yenye unyevu yeye mwenyewe, akapanda ngazi na kushuka mara tatu, akarudi ananivujia jasho mbele yangu, anahema. "Sasa umeelewa?" Nilielewa. Pia niliona anavyohema, nikajifanya sijaona.

Jambo kubwa alilonifundisha halikuwa la sabuni. Kila timu ya mchezo huu ina wimbo wake, na wimbo hauimbwi ila mmeshinda. Wachezaji wanashikana mabega kwenye duara, chumba cha kubadilishia, wanauimba kwa kupiga kelele. Kabla ya ushindi mchezaji hathubutu hata kuupiga mluzi. Ni mkosi. Na mgeni anayeshinda mechi yake ya kwanza, wenzake wanammwagia kile kinywaji cha rangi ya chungwa, kile chenye sukari, kuanzia utosini.

"Sisi tuko chini ya jukwaa," Kol aliniambia. "Mechi hatuioni. Redio usiiamini, watangazaji wanaropoka. Tega sikio kwenye ukuta huu, chumba chao kiko nyuma yake. Halafu pokea jezi. Siku jezi zitakaponata mkononi kama kashata, ujue tumeshinda."

Timu yetu ilikuwa mpya, kwa hiyo wachezaji karibu wote walikuwa wageni. Siku ya kwanza ya ushindi zingenata zote.

Wimbo wenyewe ulikuwa umetungwa, umechapwa, unangoja. Kol aliubandika ndani ya mlango wa kabati la sabuni. Wachezaji walikatazwa na mkosi, lakini wafuaji hatukukatazwa na mtu, kwa hiyo yeye aliuimba kila siku, mashine zikikamua, akipiga mdundo kwenye kifuniko kwa kidole. Unaanza, "Tumetoka machweo, fungueni milango." Ubeti wa pili una maneno magumu kuhusu mto na vumbi jekundu. Nikaujua wote kabla sijajua jina la nahodha.

Sasa niwaambie la moshi, maana najua mmelisikia kwa Mama Esperansi na yeye anaongeza chumvi.

Mechi ya kwanza ya nyumbani jezi zilikuja mpya kwenye maboksi. Nikazifungua, zikatoa harufu ya plastiki na duka. Kwetu bwana harusi havai nguo inayonuka duka. Nguo mpya ya siku kubwa inafukizwa udi, inaingia harufu ya watu, ndiyo inakuwa yake. Mama alikuwa amenipa kopo la udi nilipoondoka Tanga, nilikuwa nalibana kama dhahabu, nalinusa Jumapili tu. Nikaona leo ndiyo siku yake. Nikaja na chetezo changu, nikawasha makaa, nikachukua kapu la waya nikalifunika juu, nikatandaza jezi mbili mbili. Ishirini na mbili. Wallahi chumba kilinukia mpaka nikatokwa na machozi, nikamwona mama na kanga yake pale kwenye mlango.

Kilichofuata ni king'ora.

Jamani. Wachezaji wetu wakatoka, wapinzani wakatoka, waamuzi wakatoka, wote kwenye maegesho ya magari na mataulo, mmoja ana kiatu mguu mmoja. Magari mawili ya zimamoto yakaja. Askari mmoja akaingia chumbani na shoka, akanikuta nimesimama na chetezo mkononi kama naolewa.

Meneja wa wakati ule, Sheli, alishuka uso umemwiva. "Nani kawasha moto ndani ya uwanja wangu?"

Nikafungua mdomo. Kol akatangulia.

"Mimi. Mimi ndiye niliyemwambia awashe."

"Kol, wewe hata sigara huvuti."

"Nimeanza uzeeni."

Sheli alijua anadanganywa, na alijua pia kwamba hana mtu mwingine wa kumpangia viatu siku hiyo. Akaandika onyo kwa jina la Kol. La kwanza maishani mwake, miaka arobaini na ushei. Udi ukapigwa marufuku, tangazo mnaliona mpaka leo pale karibu na swichi, la chetezo chenye mstari mwekundu. Nilichora mie mwenyewe, kama adhabu.

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini kajibebesha. Akachukua jezi moja akainusa kwa muda.

"Jezi ya kwanza lazima mtu aitunze kama nguo ya harusi," akasema. "Nimesema hivyo miaka arobaini, watu wananicheka. Wewe ni wa kwanza kunizidi."

Mechi tulipigwa kwa zaidi ya alama mia. Nahodha alikuja baadaye kuchukua taulo akatuambia yule mpinzani aliyekuwa akimkaba alimuuliza anatumia marashi gani. Tulipigwa, lakini tulinukia.

Basi tukaendelea kupigwa. Tulipigwa nyumbani, tukapigwa ugenini, tukapigwa kwenye mvua na kwenye jua. Kila Jumamosi nilipokea jezi mlangoni, naingiza mkono kwenye gunia, napapasa. Matope. Jasho. Damu. Dawa ya misuli. Hakuna kinachonata. Kol alikuwa haulizi, ananitazama uso tu. Nikitikisa kichwa anasema, "Haya, maji baridi," tunaanza kazi. Kisha anapiga ukuta kofi dogo, kama unavyompiga ng'ombe mgumu wa kutoa maziwa. "Bado haujaimba huu."

Mie kazi yangu ilikuwa kuwachekesha. Nikasema timu yetu ina huruma sana, haipendi kuona mgeni anarudi kwao na huzuni. Nikasema hata mie na kanga yangu nikiingia tutafungwa vilevile, lakini angalau nitarudi na nguo safi. Mama Esperansi alicheka mpaka anashika meza. Kol alicheka akaishia kwenye kikohozi, na kadiri msimu ulivyokwenda kikohozi kilizidi kicheko. Daktari alimkataza kuendesha gari, akawa anakuja kwa treni. Akaanza kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa badala ya kusimama. Mama Bevu alipiga simu nikapokea mie, akaniambia, "Idi, wewe anakusikiliza. Mwambie aache." Nikamwambia Kol.

"Mke wako anasema uache."

"Niliapa msimu mmoja. Msimu haujaisha." Halafu akasema polepole, hakunitazama, "Sina haja ya kikombe. Nataka ukuta huu uimbe mara moja, nikiwa huku. Niliingia kazi hii siku ya ushindi. Sitaki kutoka kimya kimya."

Nikataka kutia mzaha. Nikachukua brashi nikaendelea kusugua.

Ikafika mechi ya mwisho ya nyumbani. Baada yake ilibaki moja ya ugenini, mbali, ya kupanda ndege, na ndege Kol hakuruhusiwa. Kwa hiyo ilikuwa hiyo au basi. Tangu asubuhi midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Mchezo una robo nne. Robo ya tatu ilipoisha redio ikasema tuko nyuma mabao matano na ushei, na bao moja ni alama sita. Juu yetu jukwaa lilikuwa kimya, unasikia viti vinajikunja, watu wanaondoka mapema. Kol alijaribu kuinua kasha la viatu akalirudisha, akashika rafu kwa mikono miwili.

Mama Esperansi akaninong'oneza, "Dada, huyu baba anachoka mubaya. Umutume nyumbani sasa, kama train haiyajaa. Akisimama ndani ya watu wote wale ataanguka."

Alisema kweli. Mechi ikiisha treni inajaa mpaka mlangoni, na zee la watu lenye kifua kile lisingepata hata pa kuegemea. Nikamwendea.

"Mzee Kol, nenda."

"Bado robo moja."

"Robo ya nini? Hawa hata uwape robo kumi. Nenda upate kiti. Mama Bevu atanichinja mie."

Akasitasita. Akatazama ukuta. Na mie, mdomo wangu huu, nikaona lazima acheke ndiyo ataondoka, nikasema, "Jezi zinazonata, Mzee, utazikuta peponi."

Alicheka. Wallahi alicheka vizuri, bila kikohozi. Akatoa funguo mfukoni akazitia kwenye kiganja changu, akakifunga kwa mkono wake. Akapiga ukuta kofi lake dogo. Akavaa kofia akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona ya kituo.

Sitaki kuwachosha na robo ya nne. Sikuiona, mie ni wa chini. Nilianza kusikia miguu. Kwanza michache, kisha dari zima linatetemeka, chokaa inadondoka kwenye taulo za Mama Esperansi, naye hata hazipangusi. Redio inapiga mayowe, mtangazaji kasahau majina ya watu. Halafu king'ora cha mwisho, na juu yake kelele ambayo sijaisikia tena, hata mwaka tulipochukua kikombe. Tumeshinda kwa alama mbili.

Mama Esperansi akanikumbatia akaniinua juu. Mie nilikuwa nimekamata funguo. Nilikuwa nahesabu vituo. Glenfield hajafika. Yuko katikati ya njia, amepata kiti kizuri, kando ya dirisha, nilichompatia mie.

Kisha ukuta ukaimba.

Waliuimba vibaya, jamani. Hawakuwahi kujaribu hata siku moja, si mkosi? "Tumetoka machweo, fungueni milango," wote kwa pamoja, vizuri. Mstari wa tatu wakagawanyika. Ubeti wa pili hakuna aliyeujua, wakawa wanavuma tu, la-la-la, kama watu msikitini wasiojua kuitikia kasida. Mama Esperansi akanisukuma, "Imba, weye unajua yote!" Ni kweli. Kwenye jengo lile zima, mie ndiye niliyekuwa najua maneno yote. Na mdomo huu, ambao haujawahi kukaa kimya tangu Tanga, haukufunguka.

Jezi zikaja. Nikaingiza mkono. Zilinata mpaka vidole vikashikana.

Kanuni mnaijua: nguo inafuliwa siku hiyohiyo, na jezi haitoki nje ya uwanja. Nilifua ishirini na moja. Moja, ya nahodha, niliifunga kwenye mfuko wa plastiki bila kuigusa maji, nikaitia kwenye mkoba wangu chini ya kanga. Sikumpigia Kol simu. Ningemwambia nini?

Asubuhi nikapanda treni Campbelltown, vituo vichache tu, nikashuka Macquarie Fields. Mama Bevu alifungua mlango, akanitazama, akasema yuko sebuleni, na hajalala. Habari alishaipata jana. Alipofika nyumbani televisheni ilikuwa inaonyesha duara tayari, sauti imezimwa kwa sababu mjukuu alikuwa amelala.

Kol alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini. Nikapiga magoti mbele yake kama kwetu tunavyomwomba mkubwa radhi. Nikatoa ule mfuko nikaufungua, nikaweka jezi mikononi mwake.

Aliifinya. Akaachia. Ikabaki imeshika kidole gumba.

"Inanata," akasema.

Akainusa. Majani, jasho, chungwa la uongo. "Haina udi."

"Si ulipigwa marufuku."

Akaitandaza juu ya blanketi. "Waliimbaje?"

"Vibaya."

"Ubeti wa pili?"

"Hawaujui hata mmoja."

"Na wewe?"

"Sikuimba."

"Kwa nini, Idi?"

"Ningeimba kwa nani? Mwenye wimbo nilimpandisha treni." Nikaanza kulia. Nikasema nisamehe, Mzee, ni mdomo wangu. Yeye akacheka, kikaja kikohozi kirefu, Mama Bevu akaja mbio na maji. Kilipotulia akanyoosha kidole kwenye mkono wa kiti, akaanza ule mdundo wa kifuniko cha mashine.

"Basi imba sasa."

Nikaimba. Kwa Kiingereza changu cha Tanga, peke yangu, nimepiga magoti kwenye zulia la watu, beti zote mbili, mto na vumbi jekundu na yote. Alifumba macho. Jezi aliishika kifuani, na shati lake la kulalia likawa limeungana nayo. Nilipomaliza akaibandua polepole kifuani. Kisha akanirudishia.

"Maji baridi," akasema. "Na usitie ile dawa."

Hakurudi uwanjani tena. Aliondoka majira ya baridi yaliyofuata, na mie ndiye niliyepiga pasi shati alilozikwa nalo. Mama Bevu aliniomba. Nilimuuliza kama naweza kulifukiza kidogo, akasema tumeondoa betri za king'ora tangu jana, tulijua utakuja na kopo lako.

Baada ya hapo nimesikia ukuta ukiimba mara nyingi. Siku hizi wanajua beti zote mbili. Timu imekuwa kubwa, chumba kimekuwa na mashine sita, na mwenzenu nilikuwa nafurahi kila mara, si uongo. Lakini kopo langu la udi limebadilika. Zamani nilikuwa nalifungua ili niione Tanga. Sasa nikilifungua namwona mzee kwenye ndoo iliyopinduliwa, na jezi mpya ishirini na mbili, na watu wenye mataulo kwenye maegesho. Ningerudi kwenye ule msimu wa kupigwa kesho asubuhi, na bega hilihili.

Neema, Kevo. Mtu mzima mwenye kifua kibaya mpeni kiti humo humo chini, msimtafutie cha kwenye treni. Na kila msimu huwa kuna mgeni anayeshinda kwa mara ya kwanza, wanammwagia kile kinywaji, jezi yake inakuja peke yake tofauti na nyingine. Mtaijua kwa mkono.

Hiyo msiifue. Mie niko Campbelltown, treni mnaijua.